Masika ya Mnyauko

Machi 6

Leo tumepanda. Dada alisema tukingoja mvua ya tatu tutapanda kwenye tope, na dada akishasema, mjadala umefungwa. Nimetoka kituo cha utafiti na ndoo za mbegu za mahindi zilizovikwa kuvu. Kuvu yenyewe tuliikuza maabara juu ya mchele uliopikwa, tukaukausha, tukausaga, tukaupaka kwenye mbegu kwa gundi. Kazi yake ni moja: kuua kiduha, gugu la maua ya zambarau linalojishikiza kwenye mizizi ya mahindi chini kwa chini na kunyonya. Likichomoza juu ya udongo, limeshakula likashiba.

Shemeji alichungulia ndoo, akanusa, akarudi nyuma.

"Shemeji, nimeona mengi, lakini wewe ndiye mtu wa kwanza kumwona anapika wali ili uoze."

Wote tulicheka, hata Mama Mtoni, jirani yetu wa bondeni, ambaye hacheki ovyo. Shamba la dada liko mtelemkoni na ndilo la majaribio. Tumeacha matuta machache kando tukayapanda mbegu za kawaida, ili tuone tofauti. Nitakaa hapa kwa dada, chumba cha uani, mpaka mavuno.

Machi 9

Mvua kutwa. Sikutoka.

Machi 15

Leo bonde zima lilikuja kwa shemeji kuchukua miche ya nyanya. Kitalu chake kiko ukingoni mwa kijito, na huko chini karibu kila mtu hupanda miche yake. Wanamwita Baba Miche. Ana neno kwa kila mmoja. Mama Mtoni alipolalamika kuwa miche yake ni mifupi, shemeji alimwambia, "Hata wewe ni mfupi, mama, na bado hakuna anayekuweza." Akaondoka na miche yake huku akijizuia kutabasamu.

Dada alikuwa akifunga miche kwenye majani ya migomba bila kusema kitu. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema mgongo.

Dada alipata mume. Najua wengi wenye mabwana, lakini mume ni mwingine.

Aprili 2

Mvua haijui kupumzika. Maji yanatoka shamba letu, yanapita kwenye mifereji, yanaingia kwenye nyanya za watu, yanaishia kijitoni. Nimesimama mlangoni kuyatazama. Ni mekundu.

Aprili 20

Kiduha kimetokeza. Kwenye matuta ya mbegu za kawaida kimejaa kama zulia. Kwenye mahindi yetu kimoja hapa, kingine pale, vidogo na vimekondeana. Nimempigia Daktari, mkuu wa maabara yetu. Akasema, "Usifurahi kabla ya mavuno." Lakini sauti yake ilikuwa na furaha.

Aprili 27

Vile viduha vichache navyo vimekufa. Vimekuwa vyeusi kuanzia shinani, vimesinyaa, ukivigusa vinavunjika. Niliwaita majirani waje waone. Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima alikivuta kimoja akakigeuzageuza mkononi kama mtu anayekagua sarafu bandia. Wengine walipiga makofi. Mama Mtoni hakupiga.

"Kitu kinachoua," alisema, "kinajuaje pa kukomea?"

Nikamweleza kwamba kuvu hii imezoea kiduha tu, kama ndama anavyomjua mama yake.

"Ndama akimkosa mama yake," alisema, "ananyonya yeyote."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Usiku huu naandika na bado neno lile liko kifuani.

Mei 1

Nimepita kwa Mama Mtoni saa za jua kali. Mnyanya mmoja, mzuri, umejaa maua, majani yamelala kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Udongo umelowa, kwa hiyo si kiu. Jioni nikarudi: umesimama kama kawaida.

Mei 3

Umelala tena, na wa pembeni yake pia. Jioni haukuinuka.

Mei 6

Sasa ni kwa majirani watatu. Mimea inakufa ikiwa kijani. Hainyauki kwa kuwa njano kwanza, hapana. Asubuhi mzima, mchana maiti.

Nimefungasha mimea miwili kuipeleka kituoni. Barabara imekatika, daraja limezama. Nimeirudisha.

Mei 8

Nimemsalimia mwenyekiti njiani. Ameitikia akiwa ameshanipita.

Watoto wananiita Bibi Kuvu. Walikuwa wananiita hivyo tangu mwanzo, kwa utani. Leo walilinong'ona.

Mei 11

Chakula cha jioni. Shemeji siku hizi hatanii. Alikula kidogo, akanawa, akakaa akitazama mlango.

"Watu wanaulizana," alisema.

"Wanaulizana nini?"

"Mimi siwezi kujibu, shemeji, mimi si msomi. Ila maji hayapandi mlima. Yanashuka."

Dada akaangusha mwiko. Akauokota, akaupangusa kwa muda mrefu kuliko unavyohitaji mwiko.

Sijalala vizuri. Niandike kile ambacho sijamwambia mtu. Kuvu yetu ina ukoo. Katika ukoo huo yumo anayeua kiduha, na yumo anayeua nyanya, na ukiwatazama kwa darubini ni kama pacha. Tunawatunza wote maabara, kwenye friji moja. Ikiwa siku moja mtu alichoka, akakosea chupa, basi mimi ndiye niliyebeba ndoo za kifo, nikazileta kwa dada yangu, nikawaambia watu wapige makofi.

Mei 12

Nimepanda kilimani kwenye mtandao kumpigia Daktari. Nikamuuliza waziwazi: inawezekana tulichanganya?

"Nikikuambia haiwezekani, nitakuwa nakufariji tu," alisema. "Majani yanaanza kuwa njano?"

"Hapana. Yanakufa kijani."

"Umekata shina?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Mwanangu, umekata shina ukalitia kwenye maji?"

Nikasema bado. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Jaribio lenyewe nalijua tangu mwaka wa kwanza chuoni. Ni la kisu na glasi. Sikulifanya kwa sababu moja tu: naogopa nitakachokiona.

Mei 14

Mkutano, kwenye ghala la kikundi. Mvua ilikuwa inapiga bati, kila msemaji anapayuka. Mwenyekiti aliniuliza kama niliwahi kuthibitisha kwamba kuvu haigusi nyanya. Nikasema imejaribiwa, kituoni, misimu kadhaa. Akauliza, "Hapa?" Nikasema hapa, hapana.

Ndipo shemeji akasimama. Nilijua anasimama kunitetea. Alivua kofia.

"Huyu ni mdogo wa mke wangu," alisema, "analala kwangu, anakula kwangu. Mimi siwezi kumsema. Lakini na nyinyi ni watu wangu. Shamba lile ni la mke wangu, na mkiona lina sumu, mimi sitasimama mlangoni."

Akakaa. Hakunitazama.

Nilimtafuta dada kwa macho. Alikuwa ameinama anahesabu vidole vyake.

Mei 15

Wameyafyeka mahindi.

Walikuja asubuhi, mwenyekiti mbele, mapanga na majembe, hawakutukana, hawakupiga kelele. Ndilo lililonitisha. Walifanya kazi kama watu wanaolima shamba la msiba. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani, yana nguvu, yana rangi ile ya kijani inayokaribia weusi. Walifyeka, wakalundika, wakajaribu kuchoma, yakakataa kuwaka kwa ubichi. Moshi mweupe ukashuka bondeni.

Dada alisimama kizingitini mpaka wakamaliza. Ni chakula chake cha mwaka. Kisha akaingia ndani kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Kabla hawajaondoka mwenyekiti alitangaza: nyanya zilizokufa zing'olewe, na Jumamosi Baba Miche atagawa miche mipya, amesia mingine kitaluni. Sumu imeondoka, wapande upya.

Mei 16

Nimekata shina.

Nilikwenda kwa Mama Mtoni nikamwomba mnyanya mmoja uliokufa. Akasema niuchukue, unamsaidia nini sasa. Chumbani nikakata kipande cha shina, ndani kimekuwa kahawia kama chai, nikakining'iniza kwenye glasi ya maji masafi, nikaweka dirishani, nikakaa kitandani.

Uzi mweupe ukatoka kwenye jeraha la shina. Mwembamba, ukashuka taratibu ndani ya maji kama maziwa, ukafuatwa na mwingine.

Nikalia. Kuvu haifanyi hivyo. Ule uzi ni bakteria, maelfu kwa maelfu, wanaomiminika kutoka kwenye mishipa ya mmea. Ni mnyauko wa bakteria. Wanajaa kwenye njia za maji za mmea mpaka unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye matope. Kuvu yetu haikuua mnyanya hata mmoja. Nililia kwa furaha, na kabla machozi hayajakauka nikajiuliza: sasa, wametoka wapi?

Mchana nikazunguka bonde. Wengi hawakutaka kunijibu, lakini nyanya haziwezi kunikatalia. Kwa mwenyekiti zimekufa. Kwa jirani yake zimekufa. Katikati yao kuna shamba la mzee mmoja mbishi ambaye husia mbegu zake mwenyewe, nyuma ya jiko, kwa sababu hamwamini mtu. Maji yaleyale ya mahindi yetu yamepita kwake. Nyanya zake zinacheka.

Nikarudi nikamkuta dada anachambua maharage. Nikamuuliza msimu uliopita kitalu cha shemeji kilikuwa na nini.

Alichambua punje kadhaa kabla ya kujibu.

"Bilinganya."

"Zilikuwaje?"

"Zilikufa." Akaendelea kuchambua. "Zilikufa zikiwa kijani. Nilimwambia asisie pale. Akasema udongo ukilimwa unasahau."

"Kwa nini hukuniambia, dada?"

"Ningekuambia nini, mdogo wangu? Wewe ungeondoka na ndoo zako. Mimi nabaki naye."

Mei 17

Nimeongea na shemeji kitaluni. Alikuwa anamwagilia. Miche ya Jumamosi imesimama mistari kwa mistari, mizuri kuliko hata ile ya kwanza. Nikamwambia nilichokiona kwenye glasi. Nikamwambia udongo haukusahau.

Hakubisha. Hilo ndilo nililokuwa sijajiandaa nalo. Aliweka kopo chini.

"Nilijua mahali fulani," alisema. "Si hapa," akagusa kichwa, "hapa," akagusa tumbo. "Zilipoanza kwa Mama Mtoni nikajua. Halafu nikasikia wanasema ni kuvu yako. Nikasema, Mungu mkubwa."

"Ukawaacha wafyeke chakula cha mkeo."

"Wewe una kituo. Una mshahara, una Daktari. Ukiharibikiwa hapa unahamia pengine. Mimi nikiacha kuwa Baba Miche, ni nani?"

"Na kesho utawapa hii?"

Aliitazama miche yake. Kwa mara ya kwanza nilimwona bila utani usoni, na uso ule ulikuwa wa mtu nisiyemjua.

"Labda hii ni mizima," alisema. "Huwezi kujua."

"Naweza. Ni kisu na glasi."

"Shemeji, nakuomba. Kwa heshima ya dada yako."

Niliondoka. Nimekaa chumbani tangu saa kumi. Dada amepita mlangoni mara kadhaa. Hajaingia.

Mei 18, Jumamosi

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Watu walikusanyika kitaluni baada ya chai, kila mmoja na kapu lake. Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka kali. Nilikwenda na glasi tatu na visu vitatu vya dada, na jagi la maji. Mwenyekiti akaniuliza nimefuata nini. Nikasema nipewe muda kama wa kunywa chai tu, kisha niondoke kabisa kama wakitaka.

"Umeshasema ya kutosha," alisema.

"Leo sitasema. Mtatazama."

Mama Mtoni ndiye aliyenisaidia, na sijui kwa nini. Alisema, "Mwacheni. Shamba langu limekwisha, sina cha kupoteza kwa kutazama."

Nikampa kisu yeye mwenyewe. Akakata shina la mnyanya wake uliokufa, akalishika ndani ya glasi. Uzi mweupe ukashuka. Nikasikia watu wakivuta pumzi. Mmoja akasema ni utomvu tu. Nikachukua bua la hindi lililofyekwa, nililoling'oa shambani kwetu asubuhi, ambalo lilikuwa limebaki na mizizi kwenye tope na bado bichi, nikamwambia mwenyekiti alikate yeye, kwa kisu kingine. Akalikata. Maji yakabaki maji. Tulingoja, na yakabaki maji.

"Hindi lililovaa kuvu, hilo," nikasema. "Na nyanya ina bakteria. Ni ugonjwa mwingine, hautoki mlimani."

"Unatoka wapi?" mwenyekiti aliuliza.

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimejiandaa kulisema, nimelikariri usiku kucha, na nilipoona shemeji amesimama katikati ya miche yake ameshika kofia kwa mikono miwili, halikutoka. Glasi ya tatu ilikuwa tupu.

Dada alipita kando yangu. Sikujua kama alikuwapo. Aliingia kitaluni bila kumtazama mumewe, akachagua mche uliokomaa kuliko yote, ule mnene wa pembeni, akaung'oa, akaja akaninyang'anya kisu cha tatu. Aliukata. Akajaza glasi kwa jagi, mkono umetulia kabisa, akautia mche, akainyanyua glasi kwenye jua ili kila mtu aone.

Uzi ulichelewa. Nilianza kufikiri huenda mche ule ulikuwa mzima kweli, na kwa aibu niandike kwamba nilitamani uwe mzima. Kisha ukashuka. Mwembamba kuliko ule wa kwanza, lakini ulishuka.

Watu waliinama. Walichukua makapu yao matupu, mmoja mmoja. Mama Mtoni alisimama mbele ya shemeji kwa muda.

"Ulinitania," alisema, "ukiwa unajua."

"Siku ile sikujua, mama."

"Na siku za kuzika nyanya zetu?"

Shemeji aliigeuza kofia mikononi. Mwenyekiti aliamua kitalu kichomwe kesho, mbele ya watu. Nikawaeleza lililobaki: dawa hakuna. Kung'oa, kuchoma, kuosha majembe, na kwa misimu mingi bondeni pasipandwe nyanya, wala bilinganya, wala pilipili, wala viazi. Walinisikiliza kama watu wanaosomewa hukumu.

Mei 19

Tulipofika kitaluni asubuhi hapakuwa na mche hata mmoja. Katikati ya udongo palikuwa na rundo la majivu, bado linafuka. Dada alikaa kwenye jiwe akajifunika uso kwa kanga.

"Amechoma mwenyewe," alisema. "Mnaona. Si mtu mbaya."

Shemeji hakuwapo, wala begi lake. Ujumbe aliutuma mchana kwa simu: amekwenda kutafuta kazi, asitafutwe.

Mei 30

Mwenyekiti ameleta gunia la mahindi kwa dada. Ameliweka mlangoni, amesema "samahani" akitazama gunia. Dada amempa chai.

Juni 8

Daktari anataka sampuli za udongo wa kitalu. Kuna bakteria wengine, wema, anaowalea, anaodhani wanaweza kuwazuia hawa wasiingie kwenye mizizi. Nikamuuliza wanaweza? Akasema, "Kwenye chungu, ndiyo. Kwenye bonde, tuulizane baada ya miaka."

Dada anakula vizuri. Jana aliimba kidogo.

Juni 22

Kijito kimepungua, na nilikuwa na wasiwasi na wale wanaotumia maji yake huko chini. Leo nimekwenda kuwatazama. Dada alisema atanisindikiza, anyooshe miguu.

Tulitembea mpaka kijito kinapokutana na mto. Kuna mashamba makubwa pale, udongo mweusi, watu tusiowajua. Na nyanya: nyanya changa, mistari iliyonyooka, kila mnyanya umefungiwa kijiti chake. Mama mmoja alikuwa anapalilia. Alitukaribisha kwa moyo, akatuonyesha kazi yake. Dada alisifu.

"Mmepata wapi miche mizuri hivi?" aliuliza.

"Alipita bwana mmoja alfajiri, mwezi uliopita, na mkokoteni. Umejaa, umefunikwa majani mabichi. Karibu atugawie bure. Mcheshi yule, alituchekesha mpaka tukasahau hata kumuuliza jina."

Ilikuwa saa saba. Jua lilikuwa utosini, udongo umelowa. Kule mwisho wa mstari, mnyanya mmoja ulikuwa umelaza majani, na wa pembeni yake unaanza.

Nilimgeukia dada. Alikuwa ameshauona. Kwa muda nilidhani atakaa chini, au ataniambia turudi. Alijifunga kanga kiunoni, akavuka mtaro, akamsogelea yule mama.

"Yule bwana ni mume wangu," alisema. "Naomba kisu, dada, na glasi ya maji. Halafu waite wenzako."